Omba saa, usiombe pole

Saa nane usiku kengele ya simu inalia. Naamka, nashika shuka iliyokunjwa chini ya kiuno cha ndugu yangu, namvuta upande wangu, naweka mto mmoja mgongoni na mwingine katikati ya magoti. Kisha namulika visigino na makalio kwa tochi, napapasa kwa kidole. Natafuta dalili za vidonda vya kulalia: kuna mahali pekundu? Kuna joto? Saa kumi kengele italia tena.

Alianguka kwenye mjengo, uti wa mgongo ukaumia. Huu ni mwaka wa nne, na mimi ndiye dada mkubwa.

Nawaandikia ninyi mnaomtunza mume, mama au ndugu mtu mzima hapa Kenya bila malipo, kwa sababu mwaka wa kwanza wote niliupoteza nikingoja mtu aje kunieleza msaada uko wapi. Hakuja mtu. Na nilipoanza kuutafuta nikakuta karibu kila kitu kimeandikwa kwa jina la mgonjwa. Basi anzia hapo hapo, kwa jina lake.

Msajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Lazima kwanza afanyiwe tathmini ya daktari katika hospitali ya serikali. Hospitali moja ilinirudisha mara tatu, mara daktari hayupo, mara fomu haina muhuri, na kila safari nilikodi gari maana matatu hawezi kupanda. Piga simu kwanza uulize siku ya tathmini. Akishasajiliwa anaweza kuomba kiti cha magurudumu, na kama bado ana kipato anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi.

Halafu uliza kwa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii habari za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza. Kuna fungu la watu wenye ulemavu mkubwa, wale wasioweza kukaa bila mtu wa kuwahudumia, kutoka familia zisizo na uwezo. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Hazitoshi, nepi peke yake zinazimaliza. Lakini hapo na wewe mhudumu unaandikishwa, na kwangu hilo lilikuwa na uzito: mara ya kwanza karatasi ya serikali kunitambua. Usajili haufunguliwi kila wakati, kwa hiyo jina lake lijulikane mapema.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: msikubali kutoka wodini kabla hamjafundishwa. Mwambie mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe kumgeuza na kumhamisha hadi kwenye kiti, kisha ufanye wewe huku yeye anatazama. Mimi nilitoka bila somo hilo. Nikawa nambeba kwa mikono, na kabla ya miezi sita mgongo wangu ulikuwa hauniruhusu kuinama kufagia. Hiyo shuka ya kumvutia nilifundishwa baadaye sana, kwa dakika kumi tu.

Mhudumu wa afya ya jamii akija kumpima mgonjwa presha, nyoosha na wewe mkono. Yangu ilikutwa juu. Nilikuwa nakula nikiwa nimesimama, nalala vipande vipande, na sikuwa nimejiuliza hata siku moja.

Kanisani walikuwa wakija na sukari na maombi, nawashukuru sana. Lakini siku mama mmoja wa jumuiya aliponiuliza nisaidiwe nini, nilimjibu ukweli: "Mama, nipe saa tatu." Tukapanga. Alhamisi anakuja yeye, Jumapili jioni binamu yetu, na kila mmoja amefundishwa kugeuza na kumwaga mfuko wa mkojo. Ndugu yangu alikataa mwanzoni, aliona aibu kushikwa na mtu mwingine. Tulizungumza wiki nzima, na yeye ndiye aliyechagua nani aingie chumbani.

Leo ni Alhamisi. Mama ameshafika, nimemwachia tochi, nami naingia kulala hadi saa kumi na moja.