Jibu: Mkongwe ananuna benchi, nimuuze?

Ndugu, kwa hilo swali lako la kumuuza mchezaji wa kituo cha kwanza kwenye Out of the Park Baseball (mchezo wa kompyuta wa kusimamia timu ya besiboli) kwa kuwa ananuna, usikimbilie sokoni kwanza. Fungua ukurasa wake uangalie ari. Mchezo umeichambua: matokeo ya timu, kiwango chake mwenyewe, usajili unaoufanya, maelewano kikosini, na nafasi anayopewa. Mara nyingi tatizo ni hiyo nafasi.

Wangu alikuwa na miaka 34. Nilimpumzisha kila wapinzani walipoanza na mrushaji wa mkono wa kushoto, akakasirika kweli. Siku hizo nikaanza kumtumia kama mpigaji mteule, yaani anayepiga tu bila kulinda uwanjani, na mwezi haukuisha ari yake ikapanda. Sikutoa hata senti.

Ila kama ripoti ya tabia inasema ni mvurugaji, hapo nakubaliana nawe kabisa, muuze mapema kabla thamani haijashuka, maana atawaharibia hata vijana wako. Tafadhali usimwachilie tu aondoke bure kabla mkataba haujaisha! Mshahara wa mkataba wake utaendelea kuulipa wewe, na pengo la kikosini libaki palepale.