"Confused" si "kuchanganyikiwa" kila mara: kwa wafasiri na wakalimani wapya

Ukianza kazi ya kutafsiri, neno confused utakutana nalo kila mara, na mkono utakuwa umeshaandika "amechanganyikiwa" kabla hujafikiri. Uzuie kwanza. Uliza nani amekuwa hivyo, na nini kimemfanya awe hivyo.

Chanzo cha neno confused ni kitenzi cha Kilatini confundere, yaani kumimina vitu pamoja vikachanganyika. Kwa hiyo "kuchanganyikiwa" kwetu kumebeba picha ileile, na ndiyo maana tunalikimbilia. Lakini neno hilo la Kilatini lilipoingia Kiingereza kupitia Kifaransa, katika karne ya 14, lilimaanisha pia kushindwa na kufedheheka. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Zaburi 71:1, ina confusion. Union Version ya Kiswahili inasema "nisiaibike milele". Kwenye habari za Babeli, Kiingereza kina confound, ndugu wa neno hilohilo, nasi tunasoma "tuwachafulie usemi wao". Aibu huku, kuchafua kule, na zote ni tafsiri safi. Ukipewa maandishi ya zamani, kumbuka hilo.

Mahali pa hatari zaidi ni hospitalini. Wakalimani wanaowahudumia wazee wetu Marekani na Uingereza huulizwa na muuguzi kama mgonjwa amekuwa confused. Ukimgeukia binti yake ukasema, "Mama amechanganyikiwa?", yeye anasikia unauliza kama mama yake amerukwa na akili. Atakataa, tena kwa uchungu, na jibu hilo litaandikwa kwenye faili. Alichotaka kujua muuguzi ni kama mgonjwa anajitambua: anajua yuko wapi, leo ni siku gani, aliye mbele yake ni nani. Kwa mzee, hali hiyo inaweza kuanza ghafla kwa sababu ya maambukizi ya mkojo, kuishiwa maji mwilini au sukari kushuka, na inatibika ikigundulika mapema. Sema, "Kuna wakati mama anachanganya mambo, hajui alipo au hawatambui watu?" Kama huna hakika muuguzi amekusudia nini, mwombe afafanue kabla hujafungua mdomo kwa familia. Una haki hiyo, na mgonjwa anaihitaji.

Kwenye lebo za dawa kuna mtego mwingine. Kiingereza kinaonya mtu asi-confuse dawa moja na nyingine, maana yake asije akameza hii akidhani ni ile. Ukiandika "Usichanganye dawa hii na ile", msomaji ataelewa kwamba asizitumie pamoja, na huenda daktari amemwandikia zote mbili. Andika, "Dawa hizi zinafanana. Soma jina kabla ya kumeza." Ni ndefu kidogo, lakini haimdhuru mtu.

Kwingine kazi ni nyepesi. Mtu akisema I'm confused kikaoni, "Hapo sijaelewa" inatosha. Aliyepigwa na butwaa mwache na butwaa lake, na fomu inayowasumbua watu ni fomu "inayotatanisha". Ila maelekezo ya Kiingereza yenyewe yakiwa hayaeleweki, usiyanyooshe kwa kukisia; mwandikie mteja, mwonyeshe sentensi yenyewe, na usubiri jibu kabla ya kukabidhi kazi.