Siku papa aliposikiliza wasifu wangu wa LinkedIn

Papa, yaani baba yangu, ana farde ya plastiki, jalada la makaratasi, ambayo anaiweka chini ya kitanda. Ndani yake mna vyeti vya utumishi vya miaka yake yote ya kazi, kila kimoja na muhuri na saini ya mkubwa wa karakana. Karatasi zimegeuka njano, pembe zimelika, lakini hajapoteza hata moja. Nilipomwambia kwamba nataka kujitangaza kwenye intaneti ili nipate kazi, alinitazama kitambo, kisha akasema: «Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.»

Nilimwelewa. Hapa kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, mtu wa kujisifu hatumsikilizi hadi mwisho. Sifa yako inasemwa na wengine, nawe ukiwapo unainamisha macho. Ndivyo nilivyolelewa, na najua wengi wenu mnaosoma hapa mlilelewa hivyohivyo. Ndiyo maana naandika makala hii, kwa sababu nimeona mafundi hodari wa Lubumbashi wakikaa nyumbani huku kazi wanayoiweza ikitafutiwa mtu mwingine.

Mimi ni fundi wa pampu. Nilisomea umeme na mitambo, nikafanya kazi miaka minne kwa mkandarasi mdogo aliyehudumia kiwanda cha shaba. Mwaka 2021 mkataba ukaisha, haukurudiwa. Kwa miezi saba nilizunguka na bahasha za makaratasi: Kampemba, Ruashi, kisha Likasi, kilomita 120, kisha Kolwezi, karibu 300. Bahasha nilimwachia mlinzi wa mlangoni. Sikujua kama zilivuka meza yake. Kila mahali swali lilikuwa lilelile, kwa Kiswahili chetu cha hapa: «Uko na mutu kule ndani?» Sikuwa na mtu.

Wasifu kwenye LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi na waajiri, nilikuwa nao tayari. Kijana mmoja wa saiba, duka la intaneti, alinifungulia. Picha ilikuwa ya harusi ya binamu yangu, nimekatwa kutoka katikati ya watu, mkono wa mtu mwingine bado uko begani mwangu. Chini ya jina paliandikwa: «Natafuta kazi.» Maelezo tuliyanakili kutoka kwenye barua ya mtu mwingine. Zaidi ya mwaka mzima hakuna aliyeniandikia, isipokuwa matapeli.

Jumapili moja, baada ya bukari na sombe, papa aliniuliza kile kitu cha kwenye simu ni cha nani. Nikamweleza: kilifunguliwa Marekani mwaka 2003, Microsoft ikakinunua mwaka 2016 kwa zaidi ya dola bilioni 26, na watu zaidi ya bilioni moja wamejiandikisha. Akasema: «Basi nisomee wanachokijua juu yako.» Nikamsomea, nikimtafsiria kutoka Kifaransa. «Fundi mwenye bidii, mwaminifu, anayependa changamoto, yuko tayari kujifunza.»

Papa huniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Akauliza: «Mama, huyo ni nani?»

«Ni mimi, papa.»

«Huyo anaweza kuwa yeyote. Mtaa mzima una bidii. Wewe ulifanya nini pale?»

Nikaanza kumtajia cheo changu. Akanikatiza. Hakutaka cheo, alitaka kazi. Basi nikamsimulia juu ya pampu moja ya matope iliyokuwa inakula beringi, vile vyuma vya duara vinavyobeba mhimili unaozunguka. Kila wiki tatu beringi zinaungua, tunabadilisha, tunalinganisha mota na pampu upya ili mihimili yao ikae mstari mmoja, tunaondoka, baada ya wiki tatu tunaitwa tena. Wakubwa waliamini beringi ni bandia. Siku moja nilipolegeza boliti za flanji, kile kiungo cha bomba la kutolea, bomba zima lilishuka upana wa kidole. Nikajua hapohapo. Bomba lile lilikuwa limening'inia kwenye pampu, uzito wake unaivuta, kwa hiyo hata ukilinganisha vizuri namna gani, ukikaza boliti kila kitu kinapinda. Tulitengeneza nguzo mbili za kulibeba bomba, tukalisogeza mpaka boliti zikaingia kwa mkono bila kulazimishwa, ndipo tukalinganisha. Beringi zile zilikaa miezi tisa, mpaka mkataba wangu ukaisha zilikuwa bado zinazunguka.

Papa alikuwa ameacha kunywa chai. «Hiyo ndiyo ungeandika,» akasema. «Hiyo si kujisifu. Hiyo ni habari.»

Tangu siku ile sijaacha kuifikiria kauli hiyo. «Nina bidii» ni sifa, na sifa kweli haipendezi mdomoni mwa mwenyewe. «Pampu ilikuwa inaungua kila wiki tatu, nikakuta bomba linaivuta, ikakaa miezi tisa» ni ushahidi, na ushahidi mtu anaweza kuupima. Fundi mwenzako akiusoma atajua kama unaijua kazi au unaisikia tu. Kuhusu ile methali, nilimjibu papa siku nyingine kwamba chema hujiuza pale mnunuzi anapopita. Enzi zake mnunuzi alipita: karakana, nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule vilikuwa mji mmoja, mkubwa wa kazi aliwajua watu kwa majina. Leo anayenitafuta anaweza kuwa Kolwezi, au Johannesburg, na Katuba hajawahi kufika.

Usiku ule nilifuta kila kitu. Nikaandika upya kwenye daftari kwanza, kwa sababu umeme hukatika na megabaiti zinaisha ukikaa mtandaoni unawaza. Nawashauri nanyi mfanye hivyo: andika nje ya mtandao, ingia ukiwa tayari.

Mstari ulio chini ya jina ndio uliochukua muda wangu mwingi, na ulistahili. Unaruhusu herufi 220, lakini mtu anayetafuta kwenye simu huona mwanzo wake tu, kwa hiyo neno la kazi yako lazima liwe mbele. Jiulize: mtu mwenye shida ninayoiweza ataandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia? Hataandika «anatafuta kazi». Ataandika pampu, beringi, matengenezo ya mitambo, jina la mji. Nikaweka fundi mitambo wa pampu za matope, ulinganishaji wa mota na pampu, Lubumbashi. Dereva wa mitambo mizito ataje mitambo yenyewe. Mtu wa forodha wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ataje aina ya mizigo anayoitolea hati. Mhasibu ataje mfumo anaoutumia. Neno la jumla halimpati mtu.

Sehemu ya kujieleza nayo inachukua herufi 2,600. Usizimalize. Mimi niliweka visa vitatu vya kazi, aya fupifupi, kila kimoja kikisema tatizo lilikuwa nini, nilifanya nini, kikatokea nini. Cha pampu kikawa cha kwanza.

Hapa niseme jambo ambalo linaniuma. Wengi wetu huandika lugha mbili tu, Kifaransa na Kiingereza kidogo, halafu Kiswahili tunakiacha. Hata mimi nilikiacha. Niliona kama ni lugha ya nyumbani, tena cha kwetu si kile cha vitabuni. Lakini fikirini: kikao cha usalama cha asubuhi, kabla ya watu kushika vifaa, hufanywa kwa lugha gani? Mkubwa anatoka Afrika Kusini au Uchina, karatasi za taratibu zimeandikwa Kifaransa au Kiingereza, na yule anayeingiza mkono kwenye mashine anaelewa Kiswahili. Mtu anayeweza kusimama katikati yao na kueleza kwa nini mota lazima ifungwe kufuli kabla ya kuguswa, huyo anaokoa vidole vya watu. Andika Kiswahili kwenye orodha ya lugha, uweke kiwango cha juu kabisa, na kama umewahi kuongoza vikao hivyo useme.

Wasifu wenyewe uandike Kifaransa, kisha ongeza toleo la pili la Kiingereza. LinkedIn inaruhusu, na kila msomaji huona toleo la lugha anayoitumia. Mwombe mtu anayejua Kiingereza apitie. Mashine za kutafsiri huharibu majina ya vifaa.

Picha haitaki studio. Rafiki yangu alinipiga kwa simu saa moja asubuhi, mbele ya ukuta mweupe, kabla vumbi la kiangazi halijaamka. Shati safi, uso unaonekana, basi. Usiweke picha ya ndani ya mgodi au kiwanda bila ruhusa, hata kama inapendeza. Kampuni nyingi zinakataza, na anayeajiri akiiona anajua kwamba siri zake nazo utazitoa.

Halafu msidanganye kuhusu shahada. Aliyesoma graduat, ile shahada ya kwanza ya miaka mitatu, aandike graduat. Kwetu injinia wa kiraia, mwenye shahada kamili ya uhandisi, na injinia fundi, mwenye graduat, si kitu kimoja, na walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu vya hapa wanafahamiana. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alijipandisha daraja kwenye wasifu wake. Aliyemhoji alikuwa amekaa darasa moja na kaka yake. Ilinisikitisha sana, maana mikono yake ilikuwa inatosha bila uongo.

Kilichobadilisha mambo kwangu zaidi ya maandishi ni ushuhuda wa wengine, na hapo ndipo papa alipokubali kabisa. Kuna sehemu ya mapendekezo ambapo mtu mliyeunganishwa anaandika juu yako kwa jina lake mwenyewe, na maneno yake yanakaa kwenye ukurasa wako. «Kumbe ni cheti chenye saini,» papa akasema. Ndiyo hivyo. Niliwaandikia watu watatu tu: msimamizi wangu wa zamani, fundi umeme tuliyepeana zamu, na mtunza stoo. Sikuwaomba waniandikie kitu kizuri. Nilimwambia kila mmoja: «Mkubwa, unakumbuka ile pampu ya beringi? Naomba uandike ulichokiona.» Ukimkumbusha mtu tukio lenyewe, anaandika. Ukimwomba sifa, anakwambia kesho. Mimi nami niliwaandikia wao, kwa ukweli uleule.

Kuunganishwa na watu msifanye kama mtu anayekusanya kura. Akaunti ya bure ina kikomo cha mialiko yenye ujumbe, kwa hiyo tumia hiyo michache kwa watu unaojua kwa nini unawataka. Kampuni kubwa zina idara za kuajiri. Lakini tangu sheria ya Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo, kazi ambazo kampuni kubwa huzitoa kwa kampuni nyingine kimsingi zimetengewa kampuni zenye mtaji ulio mikononi mwa Wakongomani kwa sehemu kubwa, na nyingi ni ndogo. Mwenye kampuni ndiye anayetafuta fundi, kwa simu yake mwenyewe, jioni. Huyo ndiye wa kumwandikia. Jitambulishe kwa mistari miwili, taja kazi moja uliyofanya inayofanana na yake, usiombe kazi siku ya kwanza.

Akina dada, mtapata wanaume wanaoandika wakisifu picha. Msijibu, wazuieni, endeleeni. Na kwa wote: yeyote anayekuomba franga za kufungua faili, za vipimo vya hospitali au za kutuma mkataba, ni mwizi. Mama mmoja wa kanisani kwetu aliuza cherehani yake kumlipia mwanawe «mkataba» wa aina hiyo.

Ujumbe wangu ulikuja mwezi wa nne baada ya kuandika upya. Mwenye kampuni moja ndogo ya Likasi, hatujuani, hatukuwa na mtu wa katikati. Hakuuliza nimesoma wapi. Aliuliza: «Ile pampu, bomba lilishuka kiasi gani ulipolegeza boliti?» Nikamjibu, nikamchorea na nguzo. Akaniita. Nilianza na mkataba wa miezi sita, ukarudiwa, na bado nafanya naye kazi.

Mwaka jana aliniandikia pendekezo kwenye ukurasa wangu, mistari minane. Nilimsomea papa barazani, akaniomba nirudie. Kisha akanituma saibani nikalichape. Nikaleta karatasi, akauliza muhuri uko wapi, nikamwonyesha jina na tarehe. Aliishika kwa pembe kama mtu anayeogopa kuichafua, akaingia ndani, nikasikia farde inavutwa kutoka chini ya kitanda.