Swali la lugha: "Kujichagulia" ni Kiswahili kweli?

SWALI: Mdogo wangu anaishi Atlanta. Desemba iliyopita alialikwa kwenye sherehe ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, akasalimiwa "Habari gani?" Alipojibu "Njema", wenyeji wakamwambia jibu la siku ile ni "Kujichagulia". Je, hicho ni Kiswahili au wamejitungia? Kama wanazungumzia watu kushika hatima yao, si wangesema "kujitawala"? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni Kiswahili, tena sarufi yake haina kasoro. Kitenzi ni chagua. Vitenzi vya aina hii vikiingia kauli ya kutendea hurudisha l: nunua, nunulia, chukua, chukulia, chagua, chagulia. Tanguliza ji ya kujirejea, neno limekamilika. Na hiyo li si ya kudharau: mgombea aliyejipigia kura amejichagua, ila wanakijiji waliopiga kura wamejichagulia mwenyekiti.

Nadhani kilichokukera sikio ni kukosekana kwa yambwa, yaani kile kinachochaguliwa. Sisi hujichagulia kitu: mchumba, kiongozi, kiwanja. Neno likisimama peke yake tunangoja umalizie. Katika Kwanzaa, hata hivyo, hilo ni jina la nguzo ya pili kati ya Nguzo Saba, yaani misingi ya sikukuu hiyo, kila mmoja na siku yake; hii huadhimishwa tarehe 27 Desemba, na jina halidaiwi yambwa.

Sikukuu hii ilianzishwa mwaka 1966 huko California na Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani Mweusi, mwaka mmoja baada ya ghasia za mtaa wa Watts, Los Angeles. Hoja yake ilikuwa kwamba Wamarekani Weusi hawatapata nguvu ya kweli wasipojirudishia utamaduni kwanza. Nguzo ya pili inawataka wajieleze wenyewe, wajipe majina, wajiundie mambo yao na kujisemea. Kumbuka hao ni wajukuu wa watu waliobandikwa majina na waliowamiliki. Kwao suala la nani anachagua jina lako si dogo, na ndiyo maana naona chagua inabeba uzito ambao tawala isingeubeba. Hata Kiswahili chenyewe walikichagua: wengi wa mababu zao walitoka Afrika Magharibi na ya Kati-Magharibi, si pwani yetu, lakini walitaka lugha ya Kiafrika isiyo ya kabila moja. Yaani walijichagulia lugha. (Yambwa hiyo, umeipata.)

Kujitawala kuna kazi yake nyingine. Nchi hujitawala mkoloni akiondoka. Mtu hujitawala anapozuia hasira, ulimi na tamaa. Ukitaka kusema kwamba jamii hujengwa na watu walioanza kwa kuziweka nafsi zao sawa, hapo kujitawala ndiko kwenyewe, na kujichagulia hakutoshi: mtu anaweza kujichagulia upuuzi. Katika maandishi ya siasa na sheria, haki ya watu kuamua mustakabali wao huitwa haki ya kujiamulia. Mwandishi wa Dar es Salaam angetumia hilo.

Kalamu nyekundu ningeishika kwenye "muhindi", jina wanaloliita gunzi lenye punje linalowekwa mezani kwa ajili ya watoto. Kwetu mhindi ni mmea, chakula ni hindi, na Mhindi ni mtu. Ile a ya mwisho ya "Kwanzaa" sitaigusa. Iliongezwa kwa makusudi ili herufi ziwe saba, zilingane na watoto saba waliokuwapo kwenye sherehe ya kwanza.

Mwambie mdogo wako kwamba tarehe 28 jibu ni "Ujima", jina la nguzo ya tatu. Wewe na mimi neno hilo tulikutana nalo kwenye somo la historia, likitaja mfumo wa uzalishaji uliotangulia matabaka, kwa hiyo linaweza kumchekesha. Wao wanalitumia kwa maana ya kufanya kazi kwa pamoja na kubebeana matatizo, na kulima kwa ujima ni Kiswahili kilichokuwapo kabla ya vitabu hivyo vya shule.