Jifunze kwanza pesa inaingia lini

Nilifika Tandahimba, mkoani Mtwara, mara ya kwanza Novemba 2017, na pikipiki ya kampuni, boksi la taa za sola limefungwa nyuma, na lengo la mwezi mfukoni: taa arobaini. Ziliisha kwa siku tisa. Nilimpigia bosi simu kuomba mzigo mwingine, na usiku ule usingizi ulipaa kwa furaha. Nimepata kazi, nikawaza, inayoondoa vibatari kwenye nyumba za watu na kunilipa mshahara papo hapo.

Kosa langu lilianzia hapo. Nilidhani Novemba ndiyo Tandahimba.

Nakuandikia wewe unayeanza sasa, iwe umefungua kampuni ndogo ya kuuza maji, taa au mbegu vijijini, au umeajiriwa na shirika lisilo la kiserikali na umepewa wilaya usiyoijua. Nimefanya kazi pande zote mbili, huko huko Mtwara na Lindi. Kama ningepata mtu wa kuniketisha chini wiki ya kwanza, angeniokolea miaka miwili, na wateja wangu wangeokoa magunia kadhaa ya korosho.

Korosho huuzwa kwa mnada kuanzia Oktoba. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, AMCOS, unaenda ghalani, mnada unapigwa, na malipo yanaingia kwenye akaunti yake. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08. Msimu niliofika mimi, bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, kwa hiyo Novemba ile ilikuwa na pesa hasa: mabati yanapanda juu ya nyumba, pikipiki mpya barabarani, ngoma za jando na unyago zikisubiri likizo ya Desemba. Mtu aliyekuja na taa ya kulipa kidogo kidogo asingekosa wateja.

Halafu ikaja Januari, shule zikafunguliwa. Februari mashamba yanataka palizi na ghala la nyumbani linapungua. Mkataba wetu ulidai kiasi kile kile kila siku, mwaka mzima, na usipolipa kwa simu taa inajifunga yenyewe mpaka uingize namba mpya. Waliotuandalia mpango ule walikuwa watu wema, lakini walikuwa watu wa mshahara. Kwao mwezi ni mwezi, na mwisho wake unafanana na mwisho wa mwezi mwingine. Kufikia Machi nusu ya taa nilizouza zilikuwa zimefungwa, nami nikageuka mtu wa kuzungukia madeni.

Niliyazungukia vizuri, nasema hivi kwa masikitiko. Julai mama mmoja, mjane mwenye mikorosho michache, alinilipa deni lake lote la shilingi 36,000 kwa mkupuo. Nikampongeza. Akaniambia, "Mwanangu, nashukuru nimemalizana nanyi, ila korosho zangu thelathini zimeshakwenda." Sikumwelewa. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyenifafanulia njiani: kilo thelathini, kwa kangomba, kwa 1,200.

Kama hujawahi kufika kusini, kangomba ni mnunuzi wa pembeni anayekupa pesa leo, wakati wa dhiki, akaja kuchukua korosho zako msimu ukifika kwa bei aliyoipanga yeye. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini bado ipo, kwa sababu dhiki ya Februari nayo ipo. Yule mama alizitoa kilo zake kabla hata mikorosho haijazaa. Mwaka huo huo, Novemba 2018, baada ya wakulima kuzikataa bei za mnadani, serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Piga hesabu: kilo thelathini zingempa 99,000. Deni letu la 36,000 lilikula karibu mara tatu ya thamani yake, na mimi niliyelikusanya nilikuwa nimeandikwa mfanyakazi bora wa robo mwaka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba huduma nzuri, kwa bei nzuri, ikidaiwa kwenye mwezi mbaya, inamfukarisha mtu. Taa haikuwa na kasoro, wala mama hakuwa mzembe. Kalenda yetu ndiyo iliyomsukuma kwa kangomba.

Msimu ule wa 2018 ulinipa somo la pili. Malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima na mashamba, na uhakiki ulichukua muda. Wengi walipata pesa zao miezi baada ya kupeleka mzigo. Sisi tulikuwa tumeshabadilisha mkataba kidogo, tukaweka malipo makubwa Novemba na Desemba, tukijiona sasa tumewajua watu wetu. Novemba ikapita bila pesa, tukafungia watu taa wakati risiti za ghala wanazo mkononi. Zao moja halitoshi kuegemeza mpango. Kabla ya korosho, mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza, bei ya mbaazi ilianguka mpaka watu wakaziacha shambani. Ukiwa na wateja elfu wanaotegemea zao moja, kaa ukijua kwamba wote wana mwezi mmoja mbaya na utawapata kwa pamoja.

Baada ya hapo niliacha kampuni, nikaingia shirika linalosaidia vikundi vya kuweka na kukopa. Nilidhani nimetoka kwenye biashara na kuingia kwenye huruma, na kwamba makosa ya aina ile nimeyaacha nyuma. Kumbe upande wa mashirika kuna hatari ambayo mjasiriamali hana. Mteja asiyetaka bidhaa yako hanunui mzigo wako, na njaa itakufundisha. Lakini mtu unayempa kitu bure hawezi kukukatalia. Atapokea, atasaini daftari la mahudhurio, atakushukuru mbele ya mgeni aliyetoka makao makuu, na kitu chenyewe kitakaa uvunguni. Ukifanya kazi upande huu lazima uitafute ile "hapana" kwa juhudi, maana haitakuja yenyewe. Mimi huwauliza wazee, nimekaa nao, kikombe cha chai mkononi, bila daftari: shirika lililopita hapa kabla yetu liliacha nini, na nani anakitumia? Utasikia mengi. Pampu iliyokufa kwa kukosa kifaa kidogo. Mashine ya kukoboa iliyo kwenye nyumba ya katibu.

Nizungumzie posho, kwa kuwa wenzangu wengi hulikwepa jambo hili. Kikao cha kwanza nilichoitisha katika kata moja walikuja watu zaidi ya sitini, kwa sababu mradi uliotangulia ulikuwa ukilipa posho ya kukaa. Nilipotangaza kwamba hatulipi, kikao cha pili walikuja kumi na wanne. Msimamizi wangu aliona ni aibu, akataka turudishe posho ili idadi ipande kwenye ripoti. Nilimwomba aniachie hao kumi na wanne. Mtu anayekuja kuweka akiba yake mwenyewe hahitaji kulipwa kuja, na anayekuja kwa posho ataondoka nayo. Nauli ni jambo jingine. Aliyetembea au kupanda bodaboda kutoka kijiji cha mbali kwa ajili ya mafunzo yako, mrudishie nauli yake na mpe chakula. Hiyo ni heshima, na usiibanie.

Kuhusu vikundi vyenyewe. Njia hii ilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, ikasambaa Afrika nzima kwa sababu haihitaji pesa ya mtu wa nje. Watu kati ya kumi na watano na thelathini, wanaojuana, wanakutana kila wiki. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kitabu chake kinagongwa mhuri. Kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa. Mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya hisa zako. Pesa zinalala kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu: mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja, na wenye funguo hawakai na sanduku. Mwisho wa mzunguko wanavunja sanduku, wanagawana, wanaanza upya. Mpaka leo, kugawana kwa kikundi ni siku ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii.

Shirika letu lilitaka vikundi vyote vigawane Septemba, kwa sababu mwaka wa mfadhili ulikuwa unafungwa Septemba na ripoti ilihitaji namba. Kikundi kimoja cha Newala kilikataa. Mwekahazina wao, mwanamke asiyesema sana, alisimama akasema wao watagawana Mei. Kwa nini Mei? Kwa sababu salfa ya kupulizia mikorosho ilinunuliwa wakati huo, na aliyekosa pesa ya salfa Mei na Juni alikwenda kwa kangomba. Novemba wananunua hisa tano tano. Februari, hisa moja, tena kwa kujikamua, na hakuna anayemcheka mwenzake. Nilikaa pale nikamkumbuka yule mjane na kilo zake thelathini. Hawa walikuwa wametengeneza, kwa shilingi zao, dawa ya ugonjwa ambao mimi nilikuwa nimeusambaza kwa pikipiki.

Tulibishana na ofisi wiki tatu. Tukashinda. Kwenye safu ya Septemba niliandika ukweli: kikundi kinaendelea, kugawana ni Mei. Mfadhili hakulalamika. Mara nyingi wafadhili tunawaogopa kwa mambo ambayo hatujawahi hata kuwauliza, kwa hiyo wewe waulize.

Upande wa makaratasi sitakaa sana. Shirika linasajiliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002, na kila mwaka unapeleka ripoti na hesabu zilizokaguliwa. Tafuta mhasibu mapema, hata wa muda. Vikundi vya akiba navyo vinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kupitia halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii ndiye mlango wako. Mfuate kabla hujamhitaji. Kijijini usianze lolote bila barua ya utambulisho kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha serikali ya kijiji. Kuna vijana wanaoona huu ni urasimu wa kupoteza siku. Siku hizo mbili tatu za kupiga hodi ndizo zitakazokulinda siku mtu atakapozusha kwamba umekuja kukusanya majina kwa nia mbaya.

Jambo moja tu niongeze hapo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni pesa nzuri. Ila usiunde kikundi kwa ajili ya kuomba mkopo huo. Nimeona watu watano wasioaminiana wakiandikisha jina zuri, wakapata pesa, wakagawana barabarani wakitoka benki. Kikundi kilichomaliza mzunguko wake wa kwanza kwa pesa zake, hicho kisaidie kujaza fomu.

Na tafadhali, usiwasimange watu kwa ngoma. Utasikia kwenye semina kwamba watu wa kusini wanamaliza pesa za korosho kwenye unyago. Binti anayechezwa ngoma anatambulishwa kwa ukoo wake wote, na ukoo huo ndio utakaomlisha mama yake akiugua Machi. Ukiwa mgeni, gharama hiyo iweke kwenye hesabu kama unavyoweka ada ya shule, upange huduma yako kuizunguka.

Sasa ninachofanya wiki ya kwanza, popote. Naomba kivuli cha mwembe, punje za korosho na vijiwe. Tunachora miezi kumi na miwili mchangani. Punje ni pesa inayoingia, kijiwe ni pesa inayotoka. Sisemi kitu, watu wanaweka, wanabishana, wanahamisha. Wanaume wanakaa duara lao na wanawake lao, mbali kidogo, wasisikilizane.

Mara ya kwanza kufanya hivyo, wanaume walijaza Novemba punje kumi. Kwenye duara la wanawake Novemba ilikuwa na mbili. Nilidhani hawakuelewa, nikarudia maelezo. Bibi mmoja akanikatiza: "Tumeelewa, baba. Akaunti ni ya mzee. Yetu ni ufuta kidogo, kuku, na kibarua cha kubangua." Punje zao zilikuwa zimetawanyika, moja moja, karibu miezi yote, na vijiwe vya Februari na Machi vilikuwa vyote upande wao: unga, daftari, zahanati, mafuta ya taa.

Ukishaona maduara yote mawili, panga bei na siku zako za malipo kwa kulitazama duara la wanawake. Piga picha kabla mbuzi hawajapita juu yake, na ukirudi mwakani nenda na picha hiyo, mkae chini tena chini ya mwembe ule ule.