Kabla ya kumwambia mteja «unywe baada ya kula»

Mtoa dawa anayeanza kazi huwa na sentensi moja anayomwambia kila mteja, hata awe amenunua nini: «Usinywe bila kula.» Sentensi hiyo inaonekana ya tahadhari, lakini kwa dawa za maumivu huwapotosha watu wa aina mbili, na wewe uliyeajiriwa majuzi katika duka la dawa muhimu, iwe Mtwara mjini, Tandahimba au Nachingwea, utakutana nao wote wiki ya kwanza.

Parasetamoli haihitaji chakula. Haichubui tumbo, na ikinywewa kabla ya kula hufanya kazi mapema kidogo kuliko ikinywewa juu ya ugali. Mama aliyeamka anaumwa kichwa, naye hatapika mpaka atoke kuokota korosho, ukimwambia asubiri ale kwanza umemwongezea saa nyingi za mateso bila sababu. Kinachohitaji uangalifu ni kiasi: mtu mzima hunywa kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, huacha saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia, na hazidishi vidonge 8 ndani ya saa 24. Kuzidisha huharibu ini, na anayekunywa pombe sana yuko hatarini zaidi. Kwa hiyo msimu wa mabibo, uraka na nipa zinapokuwa nyingi, uliza kuhusu pombe, ila uliza kwa sauti ya chini, kwa maana jirani yake naye yupo kaunta.

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ni kundi jingine. Hizi hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, ambazo pamoja na kuleta uvimbe ndizo zinazolinda utando wa tumbo. Ni sahihi kushauri zinywewe pamoja na chakula, uji au maziwa, kwa sababu hupunguza kiungulia na kichefuchefu. Lakini sehemu kubwa ya madhara hutokea dawa ikishaingia kwenye damu, na huko shibe haisaidii. Mzee mwenye maumivu ya mgongo, anayerudi kila wiki kuchukua diklofenaki na kukuhakikishia, «Mimi nakula kwanza, mjukuu wangu», bado anaweza kupata vidonda vya tumbo. Akikutajia choo cheusi kama lami, presha au ugonjwa wa figo, usimuuzie. Mwelekeze zahanati, hata kama atanuna.

Tazama pia tunavyoandika bahasha. Tukiandika 1×3 tunachukulia kwamba mteja anakula mara tatu, na wengi hawali hivyo. Mwezi wa Ramadhani kuna futari na daku tu. Muulize, «Shikamoo babu, leo utakula saa ngapi?», kisha uandike nyakati hizo badala ya hesabu. Kabla ya kufunga bahasha, soma majina yaliyo nyuma ya pakiti, kwa kuwa vidonge vingi vya mafua, na vingine vya maumivu vilivyochanganywa na diklofenaki, vina parasetamoli ndani yake, na mteja huviongezea parasetamoli nyingine bila kujua.

Aspirini haifai kwa homa ya mtoto aliye chini ya miaka 16, wala ibuprofeni kwa mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20. Homa inayoshukiwa kuwa dengi isipewe aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa huongeza hatari ya kutoka damu.

Mwenye homa yoyote apimwe malaria, kwa sababu parasetamoli hushusha joto na kuacha vimelea vikiendelea. Akikutwa navyo na kuandikiwa dawa mseto, hapo chakula kina uzito wake: mseto hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na mafuta, kwa mfano wali wa nazi, maziwa, au kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Huyo anaweza kunywa parasetamoli palepale dukani na mseto akifika kwenye chakula, kwa hiyo mpe bahasha mbili zenye maelezo tofauti, na umwombe akurudishie maelezo hayo kwa maneno yake kabla hajaondoka.