Je, kukodisha diski na laini ya intaneti ni sawa na kukodisha chumba?

Swali: Kompyuta yangu ina diski ya terabaiti mbili, na zaidi ya nusu iko tupu. Laini yangu ya intaneti nayo haitumiki mchana. Nasikia vyote viwili vinaweza kukodishwa kwa watu nisiowajua, kama wengine wanavyokodisha vyumba kupitia Airbnb. Je, hatari zake ni zilezile? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ndugu msomaji, diski na laini vinafanana kwa kuwa vinakaa bure, lakini kiusalama vimeachana mno, na nakusihi usiviamue kwa pamoja.

Kwenye mtandao wa kuhifadhi data kama Storj, faili la mteja husimbwa kwa njia fiche, hukatwa vipande, kisha husambazwa kwa wenye diski wengi. Storj imewahi kutumia mpangilio wa vipande 80, ambapo 29 vyovyote vilitosha kulirudisha faili zima. Wewe basi unatunza kipande usichoweza kukisoma, na umeme ukikatika kwako mteja hapotezi kitu, ingawa malipo yako yatapungua kompyuta ikizimika mara kwa mara. Piga kwanza hesabu ya umeme.

Laini ndiyo inayonitia wasiwasi. Ukisakinisha programu ya kuikodisha, shughuli za mtu mwingine hupitia kwako, na tovuti anayoifikia huiona anwani yako ya IP, yaani namba inayoitambulisha laini yako kwenye intaneti, badala ya yake. Mgeni wa chumba huja na kitambulisho chake. Huyu wa laini anatembea na chako. Akijaribu kuvamia akaunti ya benki ya mtu, kumbukumbu za seva zitaelekeza kwa mtoa huduma wako, naye atakutaja wewe. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa 911 S5, uliowapa wahalifu njia ya kupitia laini za watu wengine na uliohusisha anwani za IP zaidi ya milioni 19 katika karibu nchi 200, nyingi zikiwa za watu waliosakinisha VPN (programu ya kuficha anwani ya IP) ya bure bila kujua kilichofichwa ndani yake. Wewe unaombwa ridhaa, jambo ambalo wao hawakuombwa, lakini kiufundi njia ni ileile, na ridhaa hiyo haikulindi mbele ya mpelelezi.

Ushauri wangu ni kwamba diski unaweza kuijaribu, laini usiikodishe. Kama umeshaisakinisha programu ya aina hiyo, iondoe, kisha ingia kwenye ruta uangalie kama kuna kifaa kinachopakia data nyingi wakati hakuna anayekitumia.